Mwajiri mjini, mwalimu kijijini: Usimamizi wa shule za mbali mkoani Tanga

MTO Pangani unapoingia baharini huigawa sehemu mbili wilaya inayobeba jina lake. Ofisi za Halmashauri ziko upande wa kaskazini, mjini. Ng'ambo ya kusini kuna Bweni, kisha Mwera, Kipumbwi na Mkwaja, vijiji vyenye shule za Serikali na walimu wanaolipwa na Serikali hiyo hiyo. Kwa miongo mingi, afisa aliyetaka kujua iwapo mwalimu wa Mkwaja ameingia darasani ilimlazimu kwanza kusubiri kivuko.

Hali hiyo si ya Pangani peke yake. Wilayani Lushoto, makao ya wilaya yako juu mlimani, ilhali shule za Mng'aro, Lunguza na Mnazi ziko chini kabisa, katika uwanda wa Umba. Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002 ili kusogeza huduma kwa wananchi, ina makao yake Songe, na bado vijiji vyake vya wakulima na wafugaji vimetawanyika. Mkinga, iliyozaliwa kutokana na Muheza, inakwenda hadi mpakani Horohoro.

Tangu ugonjwa wa corona ulipozifunga ofisi nyingi duniani mwaka 2020, watu wa mijini wamezoea kuzungumzia kufanya kazi kwa mbali kana kwamba ni jambo jipya lililoletwa na kompyuta. Katika sekta ya elimu ya mwambao wa kaskazini jambo hilo ni la zamani mno. Mwalimu amekuwa mbali na mwajiri wake tangu shule za kwanza zilipofunguliwa. Kilichobadilika ni vyombo anavyotumia mwajiri kumfuatilia, na si kila chombo kipya kimeona zaidi ya kile kilichotangulia.

Barua na magazeti

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, walioweka kituo cha kudumu Magila, karibu na Muheza, mwaka 1875, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukabiliana na tatizo hilo katika eneo hili. Kutoka Magila walifungua vituo vidogo katika nchi ya Wabondei na Wazigua, na katika vituo hivyo waliwaweka walimu Waafrika, wengi wao wakiwa wamesomea Kiungani, Unguja. Padri hakuweza kuwa kila mahali. Alitembelea kituo kwa zamu, na baina ya ziara moja na nyingine alitegemea maandishi ya mwalimu mwenyewe.

Ndipo magazeti ya kwanza ya Kiswahili yalipopata kazi ambayo leo ni rahisi kuisahau. "Msimulizi", lililoanza Kiungani mwaka 1888, lilichapisha habari zilizotumwa na walimu waliotawanyika vituoni. Miaka michache baadaye Magila nayo ikawa na gazeti lake, "Habari za Mwezi". Mwalimu aliyeandika habari za shule yake alijua kwamba wenzake waliosoma naye wangezisoma, na baadhi yao walikifahamu kituo chake vizuri. Ilikuwa vigumu kudai mambo ambayo jirani angeyakanusha.

Wajerumani walifuata njia isiyo mbali sana na hiyo. Shule ya Serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilifundisha kwa Kiswahili na kutoa makarani, maakida na walimu. Baadhi ya walimu hao walipelekwa kuendesha shule ndogo za vijijini, huku uongozi ukibaki Tanga. Katika kijiji, mwalimu hakuwa na mkubwa wa elimu juu yake. Aliyekuwa naye ni akida au jumbe, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha watoto wanafika, mara nyingi kwa kulazimisha wazazi. Mtawala alihesabu vichwa vya watoto. Walichofundishwa ni jambo ambalo akida hakuwa na uwezo wa kulipima. Gazeti la "Kiongozi", lililochapwa katika shule hiyo ya Tanga hadi mwaka 1916, nalo lilipokea barua kutoka kwa waandishi wake walioko vituo mbalimbali vya koloni.

Mafunzo kwa posta na redio

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja baada ya Uhuru. Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo mwaka 1977 badala ya 1989 kama ilivyopangwa awali. Walimu hawakuwapo, na vyuo vya ualimu, Korogwe kikiwamo, havikuweza kuwatoa kwa kasi iliyotakiwa. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka vijijini, na kuwafundisha ualimu huko huko huku wakifundisha watoto. Sehemu ya siku walikuwa darasani, na sehemu nyingine walisoma masomo yaliyotumwa kwa posta, kusikiliza vipindi vya redio na kukutana na mkufunzi aliyewekwa katika kata. Mwishoni waliitwa chuoni kwa wiki chache.

Walioandikishwa katika mikupuo mitatu kuanzia mwaka 1976 walizidi 45,000, na takriban 38,000 walihitimu. Ni watumishi wachache sana barani Afrika waliowahi kuendeshwa kwa mbali kwa idadi kama hiyo, bila simu wala kompyuta. "Walimu wa UPE", kama walivyoitwa, walidharauliwa mno na waliokuwa na vyeti vya chuo, dharau ambayo ilirudi kwa jina jingine miaka ya 2000, pale walimu wa mafunzo ya muda mfupi waliopelekwa katika sekondari za kata walipobatizwa "Vodafasta". Hata hivyo, dharau hizo zilificha jambo moja. Mpango wa UPE ulimweka mkufunzi katika kata, mahali anapoweza kufika bila kulala njiani. Msimamizi huyo hakutegemea ripoti pekee, kwa kuwa aliweza kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza somo.

Mabwana wengi, wote mbali

Mwalimu wa shule ya msingi ya Serikali leo ana wasimamizi wengi kuliko pengine mtumishi mwingine yeyote wa ngazi yake. Mkurugenzi wa Halmashauri ndiye anayesimamia utumishi wake wa kila siku kupitia afisa elimu wa wilaya. Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na kuanza kazi mwaka 2016, inashughulikia usajili, kuthibitishwa kazini, kupandishwa madaraja na nidhamu yake. Ofisi ya Rais, Utumishi, ndiyo yenye orodha ya mishahara. Wizara ya Elimu inamtuma mdhibiti ubora, ambaye kabla ya mabadiliko ya jina aliitwa mkaguzi. TAMISEMI iko juu ya wakurugenzi. Tangu mwaka 2009, shule za sekondari nazo ziko chini ya Halmashauri.

Katika orodha hiyo yote hakuna hata mmoja anayelala kijijini. Walio karibu ni wawili tu: Afisa Elimu Kata, ambaye zamani aliitwa Mratibu Elimu Kata, na mwalimu mkuu.

Sheria inalitambua hilo kwa kiasi. Mwalimu mkuu ni mamlaka ya nidhamu kwa makosa madogo, na anaweza kutoa onyo au karipio. Makosa mazito huenda ofisi ya TSC ya wilaya, na mwalimu asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwa Tume, kisha kwa Rais. Kosa linalotajwa zaidi ni utoro kazini. Mtumishi wa umma anayekosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi anaweza kufukuzwa.

Ubaya ni kwamba utoro wa siku tano ni rahisi kuonekana hata kutoka mjini, lakini ule wa kipindi kimoja kimoja hauonekani. Shuleni kuna daftari la mahudhurio, ambalo mwalimu husaini anapofika. Kuna azimio la kazi, andalio la somo na shajara. Msafara wa wilaya unapofika, hivyo ndivyo huwekwa mezani. Vyote ni maandishi, na mwalimu mzoefu anaweza kuyaandaa kwa usiku mmoja.

Aliyesaini hakuingia darasani

Takwimu za utafiti wa Benki ya Dunia kuhusu utoaji wa huduma zilionyesha pengo hilo waziwazi. Mwaka 2010, watafiti waliofika shuleni bila taarifa walikuta asilimia 23 ya walimu wa shule za msingi nchini hawako shuleni. Walipopita madarasani, asilimia 53 hawakuwamo. Mwaka 2014 hali ya kufika shuleni ilikuwa imeboreka: wasiokuwapo walishuka hadi asilimia 14. Darasani, wasiokuwapo walikuwa bado asilimia 47.

Hesabu hiyo inastahili kusomwa taratibu. Kwa kuwa aliyekosekana shuleni hawezi kuwa darasani, tofauti ya 47 na 14 ina maana kwamba takriban theluthi moja ya walimu walikuwa ndani ya eneo la shule, pengine ofisini, pengine chini ya mwembe wakisahihisha madaftari, huku wanafunzi wakikaa peke yao. Katika daftari la mahudhurio wote hao walikuwa kazini. Kati ya tafiti hizo mbili, kilichopungua zaidi ni kile kinachohesabika kwa mbali. Kile kinachohitaji mtu wa kupita mbele ya dirisha la darasa kilipungua kidogo tu.

Ndiyo maana miito ya kuongeza ukali wa mahudhurio, ambayo husikika kila matokeo ya mitihani yanapotoka mabaya, huwa inapiga mahali pasipo na maumivu. Mwalimu wa Kwale au Mnazi anaweza kuhudhuria siku zote za muhula na bado asifundishe nusu ya vipindi vyake, na kwa mfumo wa daftari hakuna atakayejua isipokuwa wanafunzi wake na mwalimu wa darasa la jirani.

Safari ya mshahara

Kuna sababu nyingine za mwalimu kutokuwapo ambazo haziwezi kulaumiwa juu yake. Kwa miaka mingi mwisho wa mwezi ulikuwa msimu wa madarasa matupu katika shule za vijijini, kwani benki ilikuwa mjini. Mwalimu aliondoka kijijini kwa basi la alfajiri, akapanga foleni, akanunua mahitaji, akalala kwa ndugu, na kurudi baada ya siku mbili au tatu kutegemea mvua na usafiri. Mwalimu mkuu hakuweza kumkaripia, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo.

Kilichoipunguza safari hiyo hakikuwa waraka wa Serikali. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, benki zikafuata kwa huduma za simu, na mwaka 2013 Benki Kuu ikatoa mwongozo wa mawakala wa benki. Mwalimu akaanza kupata fedha zake kwa wakala aliye kijijini au katika kituo cha biashara kilicho karibu. Ni vigumu kutaja hatua ya kinidhamu ya miaka hiyo iliyorudisha siku nyingi za kufundisha kama kibanda cha wakala.

Safari nyingine ni ile ya kufuatilia. Mwalimu aliyepandishwa daraja bila mshahara kubadilika, anayedai fedha za likizo au za uhamisho, au ambaye jalada lake halionekani, alilazimika kwenda Halmashauri, kuambiwa arudi wiki ijayo, na kurudi kweli. Madai ya walimu yamekuwa chanzo cha migogoro kati ya Serikali na Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kwa miaka mingi, na mgomo wa mwaka 2012, uliosimamishwa na Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi, ulihusu maslahi. Kinachosemwa kwa nadra ni gharama yake darasani: ofisi inayomtaka mwalimu asiondoke kituoni ndiyo hiyo hiyo inayomfanya aondoke. Mfumo wa kielektroniki wa huduma kwa watumishi, ambao sasa unamwezesha mtumishi kuomba likizo na uhamisho na kuona taarifa zake bila kubeba barua mkononi, unaweza kusaidia hapa zaidi kuliko katika jambo lolote la udhibiti.

Na kuna nyumba. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza mwaka 2002, uligharimia ujenzi wa madarasa na nyumba za walimu, na pia uliipa kamati ya shule akaunti ya benki na sauti katika matumizi. Mwalimu aliyepanga mbali na shule huchelewa kwa sababu ya mvua. Anayeishi katika eneo la shule huonwa na wazazi asubuhi, na akikosekana kwa wiki, kijiji kizima kinajua.

Mfumo unaona nini?

Serikali imewekeza katika kuona kwa mbali. Mwaka 2016, uhakiki wa watumishi uliondoa katika orodha ya mishahara zaidi ya watumishi hewa 10,000, wa sekta zote, waliolipwa bila kuwapo. Kosa hilo lilistawi kwa sababu mlipaji na mlipwaji hawakuwa wanaonana. Kwa tatizo la namna hiyo, yaani la kujua iwapo mtu yupo au hayupo, mifumo ya kompyuta imeonyesha faida yake.

Upimaji wa kazi nao umehamia huko. OPRAS, mfumo wa fomu ulioanzishwa mwaka 2004, ulimtaka mtumishi akubaliane na msimamizi wake kuhusu malengo ya mwaka. Katika shule nyingi ukawa ni karatasi za kujazwa mwezi Juni. Nafasi yake imechukuliwa na PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake katika mtandao na msimamizi huyathibitisha. Mwalimu wa Tanga mjini anafanya hivyo kwa simu yake akiwa ofisini. Mwenzake wa bondeni huenda akahitaji kutafuta mahali penye mawimbi ya simu kwanza, na muda huo hutoka katika vipindi. Aidha, mfumo hauwezi kujua zaidi ya kile ambacho mwalimu mkuu amekubali kukithibitisha.

Njia tofauti ilijaribiwa na taasisi ya Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika jaribio la KiuFunza, lililohusisha shule 350 katika wilaya 10. Badala ya kufuatilia mahudhurio, jaribio lilipima watoto. Katika kundi moja la shule, mwalimu wa madarasa ya chini alilipwa Sh 5,000 kwa kila mwanafunzi aliyefaulu jaribio la kusoma, kuandika na kuhesabu. Kundi jingine lilipewa ruzuku ya shule, na la tatu likapewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua ufaulu. Vilipounganishwa, ruzuku na bahashishi, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango kilichoonekana wazi. Lakini ili kulipa kwa haki ilibidi wapimaji kutoka nje wafike katika kila shule na kumpima mtoto mmoja mmoja. Kwa namna hiyo jaribio lililokwepa tatizo la umbali lililazimika kulilipia nauli.

Kipindi cha corona kilionyesha ukingo wa pili wa jambo hili. Shule zilifungwa Machi 17, 2020. Kidato cha sita walirudi Juni 1 na wengine Juni 29. Katika miezi hiyo Taasisi ya Elimu ilirusha masomo kwa redio na televisheni, na baadhi ya shule binafsi za mijini zikatuma kazi kwa WhatsApp. Walimu wa Serikali waliendelea kulipwa. Kwa shule nyingi za vijijini, mwalimu aliye mbali na wanafunzi hakuwa na cha kusimamiwa, kwa kuwa nyumbani kwa mwanafunzi hakukuwa na simu ya kupokea somo.

Pikipiki na mafuta yake

Mtu anayebaki kuwa kiungo ni yule yule wa miaka ya UPE, aliye katika kata. Serikali imeonekana kulitambua hilo. Kuanzia mwaka 2016 maafisa elimu kata walianza kulipwa posho ya madaraka ya Sh 250,000 kwa mwezi, na walimu wakuu wa shule za msingi Sh 200,000. Mwaka 2018 ziligawiwa pikipiki zaidi ya 2,800 kwa maafisa wa kata nchini. Tanga pia imo katika mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora, unaofadhiliwa na Uingereza tangu mwaka 2022, na mafunzo endelevu ya walimu kazini, maarufu kama MEWAKA, yanataka walimu wakutane shuleni na kati ya shule jirani kujadili somo, jambo linalomfanya mwalimu mwenzake awe shahidi wa kazi yake.

Pikipiki, hata hivyo, inahitaji mafuta, matairi na fundi. Afisa anayeitwa wilayani mara tatu kwa wiki kupeleka takwimu hutumia mafuta hayo barabarani kuelekea mjini, wakati shule zake ziko upande wa pili. Taarifa nyingi anazopeleka zinaweza kutumwa kwa simu. Kusikiliza somo la hesabu la darasa la tatu hakuwezi kutumwa kwa simu.

Mwalimu mkuu naye, katika shule yenye walimu wachache, ana vipindi vyake vya kufundisha, vikao vya kamati, wageni, ruzuku ya kuhesabu na mifumo ya kujaza. Akiondoka kwenda semina Tanga mjini, humwachia ofisi msaidizi wake, na madarasa yake hubaki na mwalimu wa zamu. Katika wiki ya namna hiyo daftari la mahudhurio huonyesha kwamba shule haina mtoro hata mmoja.